Tulivyokwenda Kitwe Kumtazama Mtoto Tumboni

Sikwenda Kitwe kununua sabuni. Naanza na hilo kwa sababu tangu turudi, wanawake wamekuwa wakija mlangoni kwangu kuuliza kama imebaki, na mmoja alikasirika kabisa akidhani nawaficha. Wengine wenu mliniuliza baada ya misa, wengine kwenye foleni ya unga, na kila mara nikianza kujibu anafika mtu mwingine, tunanyamaza. Sasa naandika yote kwa mkupuo mmoja. Msomeane, kisha mniache nipumzike.

Mnanijua nilivyo. Mimi Chola nikilishika jambo siliachi. Kabeya, mume wangu, husema wazazi wangu walinifundisha kila neno isipokuwa neno "basi". Anasema akicheka, lakini katika safari hii kuna mahali alilisema bila kucheka, na mtafika hapo.

Kikula

Mwaka juzi mlikuja kunipa pole. Mtoto wetu wa kwanza alizaliwa nyumbani kwa mama yangu, hapahapa Kikula, kabla gari la kunipeleka hospitali halijapatikana. Nilisikia wanawake wakinyamaza wote kwa pamoja. Niliona migongo yao, nikaona kitambaa, basi. Waliniambia amekufa. Nilipoomba kumwona walisema si vizuri mzazi aone, akatolewa akazikwa siku ileile. Hata kama alikuwa wa kiume au wa kike sikuambiwa, wala alizikwa wapi. Nilibaki na maziwa yanavuja, namlilia mtu nisiyemjua.

Baadaye Sista wa zahanati aliniambia kwa upole kwamba amesikia mtoto yule hakukamilika. Yeye mwenyewe hakumwona. Akanieleza kwamba jambo hilo mara nyingi halirudi, lakini mara nyingine hurudi, na kwamba siku hizi Lubumbashi kuna mashine inayomwonyesha mtoto akiwa bado tumboni. Ukienda karibu na mwezi wa tano, mengi yanaonekana. Nilimuuliza mama mtoto alikuwaje. Akajibu, "Usiniulize mambo ya bile." Nikamuuliza tena mara nyingi. Alikuwa anainuka na kwenda kuosha sufuria zilizo safi.

Nilipopata mimba ya pili niliamua: safari hii nitaona mimi kwanza. Sitasubiri kutazama migongo ya watu.

Sasa mjue jambo la mama na Kabeya, maana bila hilo hamtaelewa kitu. Mama ni Mulamba wa upande wa Sakania. Kabeya ni Muluba, babu yake aliletwa kutoka Kasai kuchimba shaba, naye mwenyewe ni karani kiwandani. Huko kwao na huko kwetu, mkwe na mama mkwe hawatazamani usoni, hawali pamoja, hawapeani kitu mkononi, na mmoja halitaji jina la mwenzake. Kwa upande wa mama, mambo hayo hulegezwa siku mkwe anapoingizwa rasmi nyumbani na kupikiwa, na mkwe huingizwa mtoto akishazaliwa na kuishi. Sisi mtoto hakuishi. Kwa hiyo tangu tuoane, mama yangu akimwona Kabeya anakuja njiani, anageukia ukuta wa nyumba yoyote iliyo karibu mpaka apite. Na Kabeya akimwona mama sokoni, anaingia duka lolote lililo karibu. Kuna siku aliingia kwa mshonaji wa nguo za wanawake akakaa humo muda mrefu.

Watu wawili wa namna hiyo ndio niliosafiri nao. Kabeya hakukubali niende bila yeye. Mama naye alisema mwenye mimba hasafiri bila mwanamke mzima. Nikakaa katikati.

Asubuhi ya kuondoka nilimkuta mama nyuma ya nyumba yake akikagua mihogo. Mgongo wake umechoka, kwa hiyo kiwanja kile nakilima mimi: mihogo, mboga ya lenga-lenga, viazi vitamu. Pembe moja tu haniruhusu kupiga jembe, kule karibu na ukuta.

"Tukirudia, usianze kulima kule," akanikumbusha, kana kwamba nimebeba jembe safarini. "Kule iko bomba ya maji ya Babeleji. Utaipasua."

Nimekulia nyumba ile bila kujua kwamba tuna bomba la Wabelgiji. Nilicheka nikamwambia, bomba lipo lakini maji yenyewe tunayafuata na ndoo. Hakucheka, akachukua kikapu chake tukaenda.

Likasi hadi Lubumbashi

Tulipanda lori la mizigo. Nyuma kulikuwa na magunia ya samaki wakavu wa ziwa Tshangalele, na juu ya magunia alikaa mwenye samaki, mama mmoja mnene mwenye sauti ya kanisani aliyejiita Mama Feza. Mama yangu alikaa ukingo wa mbele, akatazama njia inavyokuja. Kabeya alikaa ukingo wa nyuma, akampa mgongo, akatazama Likasi inavyobaki.

Wakati wa kula ulipofika, mama alitoa bukari, ugali wetu, iliyofungwa kwenye majani, sombe ya majani ya mihogo na samaki. Akanipa mimi. Mimi nikampa Kabeya. Kabeya akajifunika koti kichwani ndipo akala, maana hawezi kutafuna mbele ya mama mkwe. Mnaweza kufikiria mtu mzima wa ofisini, tai yake haipo kwa sababu nchi imekataza tai, amejifunika koti juu ya lori, koti linatikisika.

Mama Feza alivumilia kidogo kisha akashindwa. "Weye baba," akasema, "huyu mama alikukosea nini? Na weye mama, samehe mutoto. Njia iko na ajali mingi, musisafiri na hasira."

Nilimweleza kwamba hakuna hasira, ni ukwe. Yeye ni wa ziwani, na watu wake ni mchanganyiko, alisema kwao mama mkwe hupigiwa stori. Hakuamini. Aliwaombea kwa sauti mpaka karibu na kizuizi.

Kizuizini ndipo Kabeya alipokumbuka kwamba ni Jumamosi. Sote tulikuwa tumesahau salongo! Mnajua Jumamosi asubuhi inavyokuwa: magari yanasimamishwa, kila mtu anashuka kufanya kazi ya taifa. Msimamizi, kijana aliyevaa abakosti, koti lile la bila tai, lililompwaya, alitugawia majembe na kutupanga mistari miwili inayotazamana, tulime nyasi tukutane katikati. Mbele ya Kabeya akasimama mama yangu.

Kabeya akaanza kulima kinyumenyume. Kila mama aliposogea mbele, yeye alirudi nyuma, mpaka akaingia mtaroni. Msimamizi akapiga kelele, "Citoyen, nyasi iko huku, unakimbia nini?" Mama Feza akajibu kwa niaba yake, "Beko na magomvi ya nyumba, chef, tumewaombea lakini bado." Watu walicheka hadi wengine wakakalia majembe.

Kisha msimamizi akanipa mimi jembe. Mama alisema haraka kwamba naumwa mgongo. Msimamizi akasema kila mwanamke anaumwa mgongo, nilime. Sasa mnajua kwamba mimba changa haitajwi. Haitajwi kwa majirani, haitajwi hata kwa shangazi, unasubiri ijitaje yenyewe. Mwaka juzi tulificha vizuri sana, na kuficha hakukutusaidia. Nikaliweka jembe chini.

"Minye niko na mimba," nikasema kwa nguvu. "Tunaenda kuangalia kama mutoto iko muzima. Silimi."

Mama aliweka mkono mdomoni. Barabara nzima ilisikia. Msimamizi akaniangalia, akaangalia wafanyakazi wake, akasema basi nikae kivulini. Hakuna radi iliyonipiga. Tuliporudi loriani, Mama Feza hakuombea tena mtu. Alifungua gunia akanipa samaki wawili wakubwa na kunihamishia mahali laini pasipo na kona za magunia.

Lubumbashi

Hospitali tuliyoelekezwa ilikuwa safi na mashine ilikuwepo. Niliiona kwa macho yangu, imefunikwa shuka jeupe lililopigwa pasi. Muuguzi aliinua shuka kutuonyesha, kisha akalirudisha taratibu.

"Imekufa," akasema. "Tunangojea kipande kutoka Ulaya."

Niliuliza kipande kinakuja lini. Akasema kimeagizwa. Niliuliza wanawake wenye mimba wanafanya nini wakati huo. Akasema wanazaa. Hakusema kwa ubaya. Alikuwa amechoka, na alisimama nasi mlangoni muda mrefu kuliko alivyotakiwa. Ndiye aliyetuambia kwamba Kitwe, ng'ambo ya mpaka, kuna hospitali ya misheni yenye mashine inayofanya kazi.

Nje, chini ya ukuta wa hospitali, mama alikaa mbali kidogo akitupa mgongo, na hapo ndipo Kabeya alipolisema lile neno.

"Basi, Chola. Turudie nyumbani. Tumejaribu."

"Hatujajaribu. Tumeona shuka."

"Na kama tukifika Kitwe, mashine ikasema ni vilevile? Utafanya nini? Huwezi kumutengeneza kichwa." Akanyamaza ghafla, maana kati yetu wawili hakuna aliyejua kama ni kichwa au ni mguu. Alikuwa amekisia tu, kama mimi ninavyokisia usiku kucha.

Nilimjibu kweli yangu, na nawaandikia hapa kama nilivyoisema. Kwamba kama ni vilevile, nitakuwa na miezi ya kukaa naye nikijua. Nitampa jina. Nitakwenda kujifungulia kwa madaktari, si sakafuni. Nitamwambia padri mapema. Na siku akizaliwa hakuna mtu atakayenigeuzia mgongo. Kama ni mzima, nitashona nguo bila kuogopa kila uzi. "Kulia nitalia vyovyote," nikamwambia. "Nataka kulia najua nalilia nini."

Kisha mama akasema, bila kugeuka, akiongea na kikapu chake kilichokuwa mapajani:

"Kitunga, ambia mukwe yangu, minye niko na ndugu kule Zambia. Luga naijua. Anavyosema mutoto wangu, njo tutafanya."

Hiyo ndiyo njia ya mama. Hawezi kusema na Kabeya, lakini hakuna aliyemkataza kusema na kikapu. Kabeya akakijibu kikapu kwamba amesikia.

Kasumbalesa

Habari za vibali siwasimulii, mtalala. Nawasimulia askari wa mpakani.

Alikuwa mtu wa mto Kongo, wa kule wanakosema Kilingala, Kiswahili chake cha kuokoteza, na alikuwa ameshakasirika kabla hatujafika. Alimwonyesha Kabeya kidole, kisha mama. "Huyu mama nani yako?"

"Mama wa bibi yangu."

"Jina yake?"

Kabeya akanyamaza. Tangu tuoane hajawahi kulitamka. Hata akiwa mgonjwa wa malaria, anaweweseka na kutukana wakubwa wake wa kazi, jina lile halikutoka.

"Jina yake, nasema!"

"Ni mama wa bibi yangu," Kabeya akarudia, jasho linamtoka.

Mimi nikasema jina. Askari akanifokea kwamba hakuniuliza mimi. Kwake mambo yalikuwa wazi: mwanamume anasafiri na mwanamke mzee asiyemjua jina, wala hamtazami, na mwanamke mzee naye amegeuka anatazama uzio. Ama amemwiba ama wanavusha kitu. Akaamuru kikapu kimwagwe. Wakatoka samaki wa Mama Feza, karanga, kanga yangu ya kubadilisha, rozari ya mama, na kipande cha chikanda, mkate wetu wa viazi vya porini na karanga, ambacho askari alikinusa sana, akidhani ni kitu kingine. Tukakaa juani mpaka kivuli cha kibanda kikatufikia.

Mama alikusanya vitu vyake kimoja kimoja. Alipomaliza, akakiinua kikapu kitupu usawa wa uso wake.

"Kitunga," akasema kwa sauti ya kuitia watu ng'ambo ya mto, "ambia ule wa bunduki, minye naitwa Kalaba. Mukwe yangu iko na heshima, njo maana hasemi. Mama yake huyu wa bunduki, kama iko na wakwe, atamuelezea."

Askari alitazama kikapu. Akamtazama Kabeya, ambaye alikuwa ameziba masikio kwa vidole viwili ili asisikie jina. Nafikiri vile vidole ndivyo vilivyomshinda. Akaanza kucheka, akacheka mpaka kofia ikasogea, akatupisha. Chikanda alibaki nacho.

Kitwe

Barabara ya ng'ambo ilikuwa laini, na watu wakitusikia tukiongea waliuliza kama tumeleta vitenge. Misheni ilitupa nafasi katika banda la ndugu wa wagonjwa: wanawake upande mmoja, wanaume mwingine. Mama na Kabeya walifurahi sana kutenganishwa.

Asubuhi muuguzi aliniletea jagi la maji, akasema ninywe lote na nisikojoe, maana kibofu kikijaa ndipo mtoto anaonekana vizuri. Nikanywa. Akaleta lingine. Nikanywa. Nilipokuwa siwezi tena kucheka wala kukohoa, umeme ukakatika.

Yale mengine yote ya safari ningeyarudia, ila hayo siyarudii. Nilitembea ukumbini kwa hatua ndogo. Mama alinishika kiuno akiniimbia nyimbo za kipaimara. Mwanamke mmoja mwenye tumbo kubwa aliniambia kwa Kibemba nifikirie jangwa. Muuguzi aliniruhusu nipunguze "kidogo", jambo ambalo yeyote aliyewahi kujaribu anajua kwamba haliwezekani, lakini mimi niliweza. Niliwaambia siachi.

Umeme uliporudi tuliingia sote watatu. Daktari alikuwa Mzambia wa makamo, mpole, mwenye mikono baridi. Kifaransa hakujua, Kiswahili hakujua. Alikuwa na Kiingereza na Kibemba. Kibemba hakiko mbali na Kilamba cha mama, nami nakielewa nusunusu, kile cha jikoni. Kabeya hakielewi hata kidogo. Alisimama karibu na kichwa changu. Mama alisimama miguuni, uso kwenye pazia la dirisha.

Daktari aliuliza kwa nini tumetoka mbali hivyo. Mama akamweleza kwamba mtoto wa kwanza alikufa. Daktari akaweka chini kile kidude cha kupitishia tumboni.

"Alikuwaje?" akauliza. "Nani alimwona? Nikijua alikosa nini, nitajua pa kuangalia kwanza."

Swali hilo nilielewa neno kwa neno. Niliinua kichwa nikautazama mgongo wa mama. Kisha akaanza kujibu kwa Kibemba, chinichini, haraka, na mimi nilinasa neno moja moja: mfupa, macho, juu. Daktari alikuwa anatikisa kichwa polepole. Kabeya alinibana mkono akaniuliza, "Anasema nini? Chola, mama anasema nini?"

Nilikasirika. Nawaambia bila aibu, nilimkasirikia mama yangu pale kitandani, tumbo wazi, kibofu kimejaa. Miaka miwili nilimwomba, na sasa anampa mgeni kwa lugha ambayo baba wa mtoto haijui.

"Mama," nikasema, "sema na Kiswahili. Kabeya njo baba yake. Mutoto yake ilizikwa bila yeye kumujua. Sema tusikie bote mbili."

"Mutoto wangu, siwezi. Iko hapa." Yaani Kabeya. Mambo ya uzazi ya bintiye, damu, mwili wa mtoto, hayo hayasemwi mbele ya mkwe hata kwa kikapu.

"Utaweza. Minye siondoki hapa."

Mama alikiweka kikapu juu ya dirisha, akaegemeza paji la uso kwenye pazia. Na akasema.

"Kitunga, ambia mukwe yangu. Alikuwa mutoto mwanamuke. Mikono yake mizuri, miguu mizuri, vidole byote. Lakini huku juu, mufupa hakukuwa. Toka kwa macho, kichwa ilikuwa imekatika, imefunguka. Alipumua kiloko, kidogo tu. Nalimumwangia maji, nalimubatiza Maria. Banamuke balisema Chola akimuona atakufa na yeye. Minye njo nalikataza. Ambia mukwe yangu, nalifikiri nasaidia."

Kabeya aliniachia mkono akafunika uso. Mimi sikulia wakati ule. Nilikuwa nalirudia jina moyoni, Maria, Maria, Maria mwenye vidole vyote. Nilikuwa na binti, na alikuwa na jina muda wote huo nikimwita "yule".

Daktari hakuhitaji kutafsiriwa. Alisubiri. Kisha akasema kitu kifupi kwa Kibemba, kwamba ataanzia kichwani, akanipaka uji wa baridi na kukiweka kile kidude chini ya kitovu.

Kioo cha mashine kilikuwa na kijivu na weusi, kama mvua inayonyesha usiku. Mimi sikuona mtoto. Daktari alibonyeza, akageuza mkono, akarudi palepale, akanyamaza kwa namna iliyonifanya nisahau kibofu. Niliomba Salamu Maria nusu nikasahau iliyobaki. Nilijiambia: chochote atakachosema, usifumbe macho. Ulikuja kuona.

Akasimamisha picha. Akaweka kidole juu ya mstari mweupe uliozunguka, akaufuata polepole kuanzia upande mmoja hadi upande wa pili.

Nilisikia kishindo. Ni kikapu kilichoanguka. Mama alikuwa amegeuka. Sijui aligeuka lini. Yeye peke yake chumbani mle ndiye aliyejua jinsi kitu kinavyoonekana pasipo mstari ule, na alikuwa ameelewa kabla daktari hajafungua mdomo.

"Kabeya!" akapiga kelele. Akamshika bega, akamgeuza kwenye kioo, akamtazama usoni wazi. "Kabeya, angalia! Kichwa! Iko na kichwa, yote, inazunguka! Ule hakukuwa hivi, Kabeya, ule hakukuwa hivi!"

Daktari alithibitisha: mfupa wa kichwa upo, mgongo umefungwa kadiri anavyoweza kuona, moyo unapiga. Alisema pia kwamba mashine haioni kila kitu na yeye haahidi asichokiona, nijifungulie hospitali, si nyumbani. Nilimheshimu kwa kusema hivyo. Mama alitafsiri yote hayo akimtazama Kabeya, mkono bado begani mwake, na Kabeya analia bila koti la kujifunikia. Ndipo mama alipogundua ameshika nini. Akavuta kitenge usoni akatoka mbio, akaacha kikapu sakafuni.

Nami nikatoka mbio upande mwingine, kwa sababu mnazozijua.

Kurudi

Njiani kurudi hawakusemeshana. Lakini kwenye lori mama alitoa chakula, akanipita mimi, akakiweka chini mbele ya Kabeya. Kabeya alikiangalia muda mrefu. Kisha akala, koti likiwa mkononi. Mpaka Likasi hakuna aliyetaja jambo hilo.

Siku ya pili tangu tufike, mama alituita wote wawili. Alikuwa amechinja kuku. Alisema kwao mkwe huingizwa mtoto akishaishi, lakini yeye ameshamwita kwa jina na kumshika bega mbele ya Mzambia, kwa hiyo hakuna kilichobaki cha kusubiri. Tulikula watatu mezani. Kabeya alikuwa anatafuna kwa uangalifu kama mtu aliyeng'olewa jino.

Baada ya kula mama alitupeleka nyuma ya nyumba, tukapita mihogo na lenga-lenga, mpaka pembe ile karibu na ukuta. Udongo wake ulikuwa umefagiwa. Alikuwa akiufagia mwenyewe, na mgongo wake ule, muda wote huo.

"Chola," akasema. "Hakuna bomba."

Nilipiga magoti. Nililia hapo kilio cha miaka miwili, kwa jina lake, na Kabeya upande mmoja na mama upande wa pili, na wote wawili walikuwa wamenielekea.

Basi hiyo ndiyo sabuni niliyoileta kutoka Kitwe. Mimba yangu inaonekana sasa na sitaificha, salimieni tu. Sista anajua njia tuliyopita. Mmoja wenu ambaye naye alionyeshwa migongo, nimemwambia nitamsindikiza mwenyewe akipata mimba, na mama amekubali kuja na kikapu. Mkija kututembelea, pembe ile ya ukutani msiikanyage. Na mtu akiwauliza Chola ana watoto wangapi, msiseme bado. Semeni wawili: mmoja yuko njiani, na dada yake anaitwa Maria.